UZI: Natafuta kilti ya kukimbilia mbio za matope na vizuizi, wajuzi njooni

Tope la Goti (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kikosi chetu kimejiandikisha mbio za vizuizi, zile za kutambaa kwenye tope, kuparamia kuta na kuvuka madimbwi. Kilomita kama 10 hivi. Ilipofika suala la sare mmoja akasema tuvae kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, watu wakacheka, kura zikapigwa, na waliocheka ndio hao hao walioipitisha. Kwa hiyo hilo sibishani nalo tena, nimekuja kutafuta nguo.

Nimezunguka mtandaoni nimekuta aina tatu. Kuna ile ya Kiskoti kamili, ya sufu, marinda mengi nyuma, inafungwa pembeni kwa mikanda ya ngozi. Kuna ya turubai nene yenye mifuko mikubwa mapajani kama suruali ya fundi. Halafu kuna nyepesi, kiunoni lastiki, inafungwa kwa velkro (ule utepe wa kubandika na kubandua), wauzaji wanaiita ya michezo. Picha zote zinapendeza, ila hakuna hata moja ya mtu aliyetoka kwenye tope akiwa nayo, na hapo ndipo shaka yangu ilipo.

Naomba kujua kitambaa gani, urefu gani, inafungwa vipi, na ndani unavaa nini. Wa kucheka mcheke kwanza, halafu mshauri.

Siti ya Mbele

Nimeshakaa. Hilo swali la mwisho ndilo lililonileta.

Mkosoaji Mkuu

Vaa bukta mkuu. Uzi ufungwe.

Tope la Goti

@Mkosoaji Mkuu kura zilishapigwa ndugu yangu.

Mzee wa Kambani

Mleta mada, kwanza toa macho kwenye rangi na miraba. Wengi wananunua kilti kwa kuangalia mbele, maana mbele ndiko kunakotoka kwenye picha. Ya matope inanunuliwa kwa kuangalia nyuma. Huko ndiko yaliko marinda, na marinda ndiyo yatakayoamua kama utamaliza ukiwa unacheka au unatukana.

Kilti kamili ya Kiskoti inakula yadi 8 za kitambaa, yaani mita 7 na ushee, na sehemu kubwa imekunjwa nyuma. Sufu yake inapimwa kwa aunsi kwa kila yadi ya upana kamili, ambayo ikipasuliwa katikati inatoa yadi 2 za kilti: 10 au 11 ni nyepesi, 13 ni ya kati, 16 ni nzito. Ya yadi 8 kwa sufu ya aunsi 16 inakaribia kilo 2 ikiwa kavu, imening'inia kabatini. Sasa iingize dimbwini.

Watu hupenda kubishana juu ya uzi wa kitambaa. Sufu inanywa, poliesta hainywi. Kweli, sufu huweza kubeba unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mkono wako haujaisikia kuwa imelowa, wakati poliesta haifikishi hata asilimia 1. Lakini wewe huendi kunyeshewa manyunyu, unazama. Mtu aliyezama mzigo wake mkubwa hauko ndani ya nyuzi, uko katikati ya rinda na rinda. Maji yanashuka yenyewe ukipiga hatua chache. Tope halishuki. Linajibana kwenye mikunjo, rinda hili linagandana na lile, na ukifika kwenye ukuta ni kama kuna mtoto amening'inia kiunoni kwako kwa nyuma hataki kuachia.

Kwa hiyo tafuta kitambaa kichache. Yadi 4 au 5, marinda machache na mapana, poliesta tupu au poliesta iliyochanganywa na viskosi (uzi laini wa kiwandani). Katika zile tatu ulizotaja, yako ni ya tatu. Hizo ndizo wanazovaa wengi wanaorusha vyuma na magogo kwenye michezo ya Nyanda za Juu za Uskoti, kwa sababu kule kilti ni lazima na mtu anataka kujigeuza bila kunyongwa na nguo yake.

Sufu Asilia

Mzee, hapo nakupinga. Kilti ya plastiki ni sketi yenye miraba, basi. Sufu ikilowa bado inashika joto la mwili, poliesta ikilowa na upepo ukapiga unatetemeka. Na msisahau wanajeshi wa Uskoti walipigana Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye mahandaki wakiwa na kilti za sufu. Tope la kule na la mbio zenu lipi zaidi?

Mzee wa Kambani

@Sufu Asilia umejiletea mfano unaokufunga mwenyewe.

Vikosi vya Uskoti, Black Watch, Gordon Highlanders, Seaforth, wote walivaa kilti mahandakini, kweli. Na malalamiko yao ndiyo haya haya ninayomwambia kijana. Tope liling'ang'ania pindoni, likikauka au kuganda kwa baridi ukingo wa kitambaa unakuwa mgumu unawakata nyuma ya magoti. Chawa walifanya marinda kuwa makao. Ilibidi wavae aproni ya kaki juu yake, kwa ajili ya kuficha rangi na kuikinga nguo. Ilipokuja gesi ya haradali, sumu ya kuunguza ngozi, mwaka 1917, miguu ikawa wazi. Vita vya Pili vilipoanza jeshi likaitoa kilti kwenye nguo za mapambano. Si kwamba haikupendwa, waliipenda mno, ila kazi ilikuwa imebadilika.

Ukitaka ya zamani zaidi, kwenye vita vya Killiecrankie, Uskoti, mwaka 1689 watu wa Nyanda za Juu walivua mashuka yao ya miraba kabla ya kuteremka mlima kumvamia adui. Wenye vazi lao wenyewe hao.

Sufu Asilia

Killiecrankie ilikuwa lile shuka kubwa la kujizungushia mwili mzima mpaka begani, siyo hii kilti fupi. Hii ya kuanzia kiunoni ilikuja karne ya 18. Usichanganye.

Ya mahandaki nakubali, wale waliishi ndani ya tope, hawakupita tu. Lakini la baridi silitoi. Kuna mbio zina pipa la barafu. Mbio za Tough Mudder zina kizuizi kinaitwa Arctic Enema, unazama mzima kwenye maji yenye barafu. Tough Guy ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1987 na kuwafungulia wengine njia, ilikuwa ikifanyika Januari katikati ya majira ya baridi. Mahali kama hapo mimi ningevaa sufu nyepesi, aunsi 10 au 11, yadi 4, na nisingejuta.

Mzee wa Kambani

Sufu nyepesi ya yadi 4 siipingi. Niliyoikataza ni ile ya harusi.

Tope la Goti

Mbio zetu ni msimu wa joto, barafu haipo kwenye ratiba. Kwa hiyo nyepesi imeshinda. Ila kuna mwenzangu kikosini anaing'ang'ania ile ya turubai kwa sababu ina mifuko. Nimwambieje?

Mkosoaji Mkuu

Mwambie avae bukta.

Dada Kasi

@Tope la Goti mwambie mfuko ulio wazi kwa juu, ukitambaa kifudifudi, ni kijiko. Unachota. Nimekimbia nyuma ya kaka mmoja aliyevaa hizo, alipotoka chini ya seng'enge mifuko yote miwili ilikuwa imejaa tope hadi mdomoni, mapaja yamevimba, akasimama pembeni anachota kwa kiganja huku wenzake wanamwita. Vifuniko vya mifuko alikuwa navyo, vilifunguka kwenye mita za mwanzo tu.

Kilti za namna hiyo zilipata jina kupitia Utilikilts ya Seattle, Marekani, kuanzia mwaka 2000, na kwa kusimama karakana siku nzima ni nguo nzuri mno. Mifuko kwa ajili ya nyundo na misumari. Lakini nyingi ni pamba nzito, na pamba nzito ikilowa haikauki leo. Akitaka mifuko sana, aishone mdomo.

Fundi Marinda

Naona mmemaliza kitambaa, sasa ushonaji, maana ndiko nguo inakofia.

Shika kilti, igeuze nyuma, angalia marinda yameshonewa hadi wapi. Iliyoshonwa vizuri marinda yake yamepigwa uzi kuanzia kiunoni hadi kwenye makalio, chini ya hapo ndipo yanaachiwa. Za bei rahisi marinda yameshikwa kwenye mkanda wa kiuno tu, chini yote huru. Ukiingia majini na hiyo, inatandaa kama mwavuli na kukuzunguka, ukitoka inakugandia bila mpangilio, nusu ya marinda upande huu, nusu upande ule. Hii unaweza kuirekebisha mwenyewe kwa sindano au mpelekee fundi dakika chache: ashonee kila rinda kwa kuteremka kama shibiri moja kutoka kiunoni. Atumie uzi wa poliesta, wa pamba unakatika.

Kufunga sasa. Mikanda ya ngozi na bizimu inapendeza, lakini ngozi ikilowa inalegea na kurefuka. Uliyefunga tundu la tatu asubuhi utajikuta unahitaji la nne, na huna. Velkro inashika vizuri kwa sharti moja: uifunge ikiwa kavu na safi kabla ya kwenda kwenye mstari, kisha usiiguse tena hadi unamaliza. Ukiifungua katikati ya njia uikaze kidogo, changarawe zinaingia kwenye vile vijino na hapo imekufa, itakuwa inaachia kila ukiinua goti. Vifungo vya kubonyeza navyo vikijaa mchanga havisemi "ta", vinakaa tu juu juu. Mimi napendelea viwili kwa pamoja, velkro pana ndani na juu yake mkanda wa nailoni wa kusokomeza, ule wa mabegi. Mkanda huo haulegei ukilowa na unaukaza hata vidole vikiwa na tope.

Kitu kingine ambacho hakuna muuzaji atakwambia: vipande viwili vya mbele vinavyopishana. Kwenye kilti nzuri vinapishana kwa upana wa mbele yote. Kwenye za kubana matumizi vinapishana kiganja tu. Ukiruka mtaro kwa hatua ndefu, kiganja hakitoshi.

Siti ya Mbele

Tunakaribia swali langu.

Tope la Goti

Fundi, asante sana. Urefu je? Kote naambiwa katikati ya goti.

Fundi Marinda

Katikati ya goti ni kwa sherehe. Kipimo cha wazee ni kupiga magoti mgongo ukiwa wima, pindo libaki juu ya sakafu kama sentimita 2 na nusu. Sasa hebu fanya hivyo hivyo halafu uiname utambae kwa mikono na magoti. Utaona mwenyewe. Ukiinama kipande cha mbele kinashuka hadi sakafuni, goti linakuja linakikanyaga, goti la pili linakikanyaga, na kila ukisogea mbele unajivua mwenyewe kwa kuivuta kiuno chini. Kwenye zulia ni kichekesho, ila kwenye tope tope linakuwa gundi, na juu yako kuna seng'enge huwezi kuinuka uivute.

Kwa hiyo punguza. Pindo likae sentimita 5 hadi 8 juu ya goti ukiwa umesimama. Fupi zaidi ya hapo marinda yanakosa uzito wa kuyashusha, yanarukaruka na upepo unafanya utakavyo.

Na unapoagiza, usitoe namba ya suruali yako. Suruali inakaa chini ya kitovu, kilti inakaa kitovuni, ni viuno viwili tofauti. Chukua futi ya ushonaji, zungusha usawa wa kitovu bila kujibana pumzi, zungusha tena pale makalio yalipojaa, halafu teremsha kutoka kitovuni hadi unapotaka pindo. Namba hizo tatu ndizo za kumpa muuzaji.

Dada Kasi

Naongezea la urefu. Kuna watu wananunua ndefu wakisema "nitaikunja kiunoni". Usifanye hivyo. Mkunjo wa kiunoni unafunguka kwenye kizuizi cha kwanza cha kuning'inia, ukiinua mikono tumbo linaingia ndani na nguo inashuka.

Mpita Njia 07

Dada Kasi, wewe unavaa kilti kwenye mbio? Wanawake tunaweza kuvaa hizi hizi au kuna zetu? Nataka kuingia na wifi yangu.

Dada Kasi

@Mpita Njia 07 navaa, na tena kwetu ni rahisi, hakuna anayegeuka kuangalia mara mbili. Za kike zipo, ila nyingi zimetengenezwa kwa mapambo, fupi mno na marinda ya kupulizwa. Mimi navaa za michezo zile zile.

Shida yetu ni kipimo. Tofauti ya kiuno na nyonga kwetu ni kubwa kuliko kwao, kwa hiyo ukichukua inayokaa vizuri kiunoni marinda ya nyuma yanafunguka kama pazia, ukichukua inayotosha nyonga kiuno kinapwaya. Tafuta yenye lastiki pembeni zote mbili, siyo nyuma tu. Au umpelekee fundi aingize lastiki chini ya mkanda wa kiuno. Mpeleke na wifi, mtapunguziwa.

Siti ya Mbele

Wakuu. Ndani.

Mzee wa Kambani

Haya, tulimalize. Kuna masihara ya siku nyingi kwamba mwenye kilti halisi havai kitu. Masihara hayo yaishie kwenye harusi. Kwenye mbio za vizuizi kuna watu wanakusukuma kwa chini upande ukuta, kuna nyavu za kupanda wenzako wakiwa chini yako, kuna kuteleza kwenye bomba au mteremko wa plastiki ambapo kilti yoyote duniani inakwenda kifuani. Kuna watoto wamekuja kumshangilia baba yao. Kwa heshima ya watu, funika.

Na hata pasingekuwa na watu, kuna mchanga. Mapaja yanayosuguana yakiwa na mchanga katikati kwa kilomita 10 ni mateso. Vaa taiti fupi ya kubana, ya nailoni au poliesta inayovutika, ifike karibu na goti. Isiwe ya pamba. Iwe nyeusi au rangi iliyokolea, nyeupe ikilowa inaonesha. Kabla ya kuvaa paka mafuta mgando sehemu za ndani za mapaja, kwenye mishono yote ya taiti, na kuzunguka kiuno pale mkanda wa kilti utakapokaa. Hapo kiunoni wengi wanapasahau, wanamaliza wana mstari mwekundu wa kidonda kiuno kizima.

Taiti ya kubana ina faida nyingine, inazuia tope lisipande. Boksa pana zinalikaribisha.

Siti ya Mbele

Nimeridhika. Naendelea kukaa lakini.

Kijana wa Pini

Vipi ule mfuko wa manyoya wa mbele na ile pini kubwa ya pindoni? Bila hivyo si itakuwa haijakamilika?

Sufu Asilia

Mimi ndiye mtetezi wa asili hapa na nakwambia viache nyumbani vyote viwili. Pini ni sindano, na wewe utalalia tumbo, utabebwa, utaangukia watu. Halafu hata kwenye sherehe pini inashika kipande cha juu tu, haichomwi hadi cha chini. Wanaochoma vyote viwili wanachana kitambaa wakikaa. Sporan, huo mfuko wa mbele, ni ngozi na mnyororo, ikilowa imekwisha, na ukiwa unatambaa inakaa katikati yako na ardhi.

Miraba ndiyo chagua utakavyo. Ushauri wangu ile ya Black Watch, bluu iliyoiva na kijani kilichoiva. Haioneshi doa, na haina ukoo mmoja unaoidai kwa hiyo hakuna atakayekuuliza wewe ni wa ukoo gani.

Tope la Goti

Naomba sasa mnipitishe kwenye vizuizi vyenyewe. Kuna kipi cha kufanya tofauti ukiwa na kilti?

Dada Kasi

Vingi ni vile vile. Vinavyobadilika ni hivi.

Seng'enge: wengi wanapenda kubiringika kwa sababu ni haraka kuliko kutambaa. Ukiwa na kilti usibiringike, kitambaa kinajisokota mapajani na ukisimama huwezi kupiga hatua. Tambaa kwa tumbo, viwiko na sehemu ya ndani ya magoti. Kabla hujalala, shika marinda ya nyuma kwa mikono miwili uyabane katikati ya mapaja. Yakiwa juu ya makalio ndiyo yanayonaswa na miiba. Ukinaswa usivute kwa nguvu, rudi nyuma kidogo, itajitoa yenyewe.

Kamba: vuta kipande cha mbele upande mmoja kabla hujaishika. Unapanda kwa kubana kamba kwa miguu, na kitambaa kilicholowa kikiingia katikati ya kamba na miguu unateleza kurudi ulikotoka. Halafu ukiteremka usiachie ukaserereka, kamba itaingia chini ya kilti na kukuchubua paja.

Ukuta: hapa angalia ule mguu wa kurusha juu. Ukiurusha, goti linakita ndani ya kitambaa. Kilti fupi na pana ina nafasi, ya kubana inakuzuia nusu ya njia. Ndiyo maana mimi sinunui iliyobana nyonga hata kama inapendeza.

Maji: ukiingia hadi kiunoni itaelea. Usihangaike kuishusha, nenda nayo. Ukitoka simama sekunde chache, kamua marinda ya nyuma kwa mikono kuanzia juu kushuka, kama unakamua nguo. Sekunde hizo utazirudisha kwenye mlima unaofuata.

Ile ya nyaya za umeme mwishoni, Electroshock Therapy ya Tough Mudder, kilti haikusaidii na haikudhuru. Utapigwa tu.

Mzee wa Kambani

Na kama ni mbio za Spartan, kwa miaka mingi ukishindwa kizuizi ulikuwa unapewa adhabu ya kulala, kujisukuma na kuruka mara 30. Ukiwa na kilti kila ukilala pindo la mbele linakunjika chini ya tumbo na kila ukiruka la nyuma linakupiga mgongoni. Jifunze kurusha mkuki, maana nacho ni kizuizi kule.

Mkosoaji Mkuu

Nimesoma uzi wote. Kuna mtu anaweza kunieleza, bila matani, faida ya hii nguo kuliko bukta? Moja tu.

Dada Kasi

Upepo na nafasi. Mapaja hayabanwi, hatua ni ndefu, ukitoka kwenye tope hakuna kitambaa kilichokugandia pajani hadi gotini. Na unavaa taiti ndani, kwa hiyo bukta unayo tayari.

Mzee wa Kambani

Na kubadilisha nguo mwishoni. Ukimaliza unavua taiti na viatu huku kilti imekufunika, unavaa kikavu, hutafuti hema la kubadilishia wala foleni yake.

Mkosoaji Mkuu

Hiyo ya mwisho ina hoja.

Tope la Goti

Wakuu, mrejesho kidogo. Nimeazima mbili, moja ya turubai kwa yule mwenzangu wa mifuko na moja ya michezo ya poliesta. Nimezizamisha zote kwenye beseni la maji yenye udongo, nikazitundika kwenye kamba bila kuzikamua. Ya poliesta ikaacha kudondosha maji mapema, ukiishika ni unyevu tu na udongo umekaa pindoni na kwenye mikunjo ya nyuma. Ya turubai jioni ilikuwa bado inadondosha, na mkanda wa kiuno ambao una kitambaa mara mbili ulikuwa umelowa chapa hadi kesho yake. Mwenye nayo ameona kwa macho yake. Sasa anatafuta ya poliesta.

Halafu nikafanya jaribio la fundi la kutambaa sebuleni. Ya michezo niliyoazima inafika gotini, nikajivua kabla ya kufika kwenye kochi. Nimeagiza ya kwangu, Black Watch, poliesta na viskosi, nimewaambia wapunguze urefu kama alivyosema fundi.

Swali la mwisho: ikija, niifanyie nini kabla ya siku yenyewe, na nikimaliza naifuaje? Sitaki ife kwa mbio moja.

Fundi Marinda

Ikija, shonea marinda yateremke kama nilivyokueleza, kisha kimbia nayo mara mbili tatu ikiwa imelowa. Usiipeleke mpya kwenye mbio, mpya ina wanga wa kiwandani na inakwaruza.

Ukimaliza mbio, isuuze hapo hapo tope likiwa bichi. Mpira wa maji, igeuze ndani nje, fungua kila rinda kwa kidole na upitishe maji kutoka juu kwenda chini. Likikauka ndani ya mkunjo, mchanga unafanya kazi ya msasa kwenye nyuzi kila ukitembea. Usiitupe kwenye mashine na tope lake, utaziba chujio na utailaumu kilti.

Nyumbani, kabla ya kufua, piga marinda uzi wa muda, mishono mirefu mistari miwili, mmoja karibu na pindo na mwingine katikati. Funga velkro yote, ikiachwa wazi inakwangua kitambaa chenyewe. Maji baridi, sabuni kidogo, usikamue kwa kusokota. Itundike kwa kiuno ikiwa bado nzito, uzito wa maji unayanyoosha marinda wenyewe. Ikikauka, pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa chenye unyevu, halafu ndipo utoe ule uzi wa muda. Poliesta ikikutana na pasi kali inang'aa na mng'ao huo hautoki.

@Sufu Asilia yako wewe ni maji baridi kabisa na mikono, ya moto itakurudishia kilti ya mtoto.

Mpita Njia 07

Fundi, na velkro iliyojaa changarawe inaokoka?

Fundi Marinda

Inaokoka. Isubiri ikauke kabisa, halafu chukua mswaki wa zamani usugue kufuata mstari wa vijino, nyuzi na nywele zilizobaki uzichomoe kwa sindano. Ikigoma, ng'oa ushone nyingine, nunua pana zaidi ya iliyotoka.